Kurudishiwa fuvu baada ya kiharusi: Hatari adimu za kuchungwa

MGONJWA wa kiharusi aliyeondolewa sehemu ya fuvu huishi na upande mmoja wa kichwa ukiwa laini, ubongo ukikingwa na ngozi na utando tu. Jamaa zake aghalabu hudhani kuwa kurudishiwa mfupa ni kuziba pengo tu. Sivyo.

Mfupa huondolewa pale mshipa mkubwa wa damu unapoziba na ubongo kufura. Matokeo ya tafiti za Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi yalipojumuishwa mwaka 2007, asilimia 78 ya waliopasuliwa ndani ya saa 48 walikuwa hai baada ya mwaka mmoja, ilhali miongoni mwa wasiopasuliwa ni asilimia 29 pekee. Wanaonusurika ndio hurudishiwa mfupa wao, majuma au miezi baadaye, ama huwekewa kiraka cha titani au cha plastiki maalumu.

Hatari adimu na ya kutisha zaidi ni ubongo kufura ghafla. Upasuaji humalizika salama, kisha katika muda wa saa chache mgonjwa hazinduki na mboni za macho hupanuka. Wengi hufa. Inadhaniwa kuwa ubongo uliokuwa umebonyea, mishipa yake ikiwa imebanwa kwa muda mrefu, hufurikwa na damu kanieneo inapobadilika. Hata kifaa cha kufyonza damu jerahani hushukiwa kuchangia.

Hilo humpata mgonjwa angali hospitalini. Linalomhusu zaidi mkazi wa Ngomeni ni yale yanayochelewa, akiwa amerejea kwao, takriban kilomita 30 kaskazini mwa Malindi, na Mombasa, iliko hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, ikiwa mbali zaidi.

Kidonda kikitoa usaha au maji, homa ikipanda, kichwa kikiuma kwa kuzidi, usingizi ukawa mzito au mwendo ukaharibika upya, asingojee siku ya kliniki. Huenda ni maambukizi, au maji yamejaa ubongoni. Kifafa nacho hutokea. Degedege ya mtoto Pwani husingiziwa nyuni; ya mtu mzima aliyepasuliwa kichwa isisingiziwe chochote. Alazwe ubavu, asitiwe kitu kinywani, apelekwe hospitalini.

Mfupa wenyewe waweza pia kuliwa polepole hadi ukalegea, na hapo kiraka huhitajika. Ukiingia usaha, dawa peke yake mara nyingi hazitoshi: hutolewa tena, na mgonjwa husubiri miezi kadhaa kabla ya kuwekewa mwingine.