Kutoka kwa Padre Pinto hadi Nyaraka za Maaskofu: Kanisa Katoliki Kando ya Ziwa Mweru

Kasisi wa kwanza wa Kikatoliki ambaye historia yamtaja katika nchi ya Mwata Kazembe, mfalme wa Lunda wa Luapula, kusini ya ufuo wa Mweru ulipo leo mji wa Nchelenge, hakuja kuhubiri. Jina lake Francisco João Pinto, naye aliwasili mwaka 1798 katika msafara wa gavana wa Kireno, Francisco José de Lacerda e Almeida, aliyeondoka Tete kutafuta njia ya kuvukia bara mpaka Angola. Gavana alishikwa na maradhi akafariki dunia mwezi wa Oktoba mwaka uleule, na padre yule, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma misa na kuzika maiti, akajikuta ndiye amiri wa askari wasiomtii. Mashauri ya kuendelea mbele hayakufaulu. Mwaka uliofuata wakarejea walikotoka, wala hatusikii kwamba walimwacha Mkristo hata mmoja nyuma yao. David Livingstone alipofika ziwani mwezi wa Novemba 1867, mgeni mashuhuri aliyemkuta kwa Kazembe hakuwa padre, bali mfanyabiashara wa Kiarabu, Mohammed bin Saleh, aliyekuwa amekaa huko miaka mingi bila ya ruhusa ya kuondoka.

Mwaka 1891 Papa Leo XIII alitoa waraka wake wa Rerum Novarum juu ya haki za wafanyakazi, na mwaka huohuo Mapadri Weupe, shirika la Kardinali Lavigerie, wakitokea pande za Ziwa Tanganyika, walijenga kituo chao cha kwanza katika nchi ambayo sasa ni Zambia, huko Mambwe. Sidhani kama yeyote kati yao aliyahusisha mambo hayo mawili. Shughuli yao ilikuwa ya kutafuta chakula, kujifunza lugha na kupata kibali cha wakuu wa Wabemba, kazi ambayo Joseph Dupont, yule aliyeitwa Moto Moto, aliifanya kwa ujasiri na hila hata akaanzisha Chilubula mwaka 1899. Upande wa Mweru, hata hivyo, Wakatoliki walikuja kama wageni waliochelewa karamuni: mmisionari wa Kiprotestanti, Dan Crawford, alikuwa ameshakaa Luanza, ng'ambo ya magharibi, na jumuiya ya wamisionari ya London ilikwisha kufungua Mbereshi mwaka 1900. Ushindani ulikuwa mkali, na katika ushindani huo mamlaka ya padre yalikuwa mamlaka ya mtu mmoja, aliyefundisha, aliyeganga, aliyeamua kesi za ndoa na kutoza adhabu, na ambaye neno lake halikuwa na rufani ila kwa askofu aliyekaa mbali.

Si haki, lakini, kuwaeleza mapadri wale kama mabwana watupu. Edouard Labrecque, Mkanada wa shirika hilohilo, aliketi na Mwata Kazembe wa kumi na nne, Chinyanta Nankula, wakatunga kwa Kibemba historia ya wafalme wa Lunda wa Luapula, kitabu kiitwacho Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, ambacho mpaka leo hapana mtafiti awezaye kukikwepa. Wazungu wa zamani zile walizoea kusema, na Waafrika kuandikiwa. Hapa mfalme ndiye aliyesimulia, na padre akashika kalamu.

Utawala wa Kanisa ulisogea karibu mwaka 1952, Fort Rosebery, yaani Mansa ya sasa, ilipopewa askofu wake, René-Georges Pailloux. Ikawa jimbo kamili mwaka 1961, na mwaka 1971 Pailloux akampisha Elias Mutale, mwananchi, ambaye baada ya miaka miwili alihamishiwa Kasama kuwa askofu mkuu. James Spaita akashika nafasi yake. Kubadilika rangi ya ngozi ya askofu ni jambo linaloonekana kwa macho. Lililo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kubadilika kwa namna ya kufundisha, kutoka amri ya mtu kwenda katika hoja iliyoandikwa, ambayo msikilizaji anaweza kuirudia nyumbani, kuipima, na hata kuipinga.

Mkusanyo wa nyaraka za maaskofu uliochapishwa Ndola mwaka 2003 waanza na barua ya mwaka 1953, mwaka ule ule lilipoundwa Shirikisho la kikoloni ambalo Waafrika wengi walilikataa. Tangu hapo barua zilifuatana. Mwaka 1979, serikali ya Rais Kenneth Kaunda ilipokusudia kuingiza mafundisho ya usoshalisti wa kisayansi, Wakatoliki na Waprotestanti, mahasimu wa jana, walitia sahihi waraka mmoja wa kupinga. Mwezi wa Juni 1990 watu wa mijini walizusha ghasia kwa sababu ya bei ya unga. Mwezi uliofuata maaskofu wakatoa waraka juu ya uchumi, siasa na haki, wakataja umaskini na madaraka yasiyowajibika kwa yeyote. Kabla mwaka haujaisha sheria ya chama kimoja ilikuwa imefutwa, na Julai 1991 viongozi wa dini wakawakutanisha Kaunda na mpinzani wake, Frederick Chiluba, katika kanisa kuu la Waanglikana mjini Lusaka ili uchaguzi usimwage damu. Chiluba akashinda Oktoba 31. Waliodhani kwamba maaskofu wamepata serikali yao walizinduliwa mwaka 1993, ulipotoka waraka wa kutetea maskini waliokuwa wakipondwa na masharti ya marekebisho ya uchumi. Na mwaka 2001, rais huyo alipotamani muhula wa tatu, Kanisa lilikuwa pamoja na wanasheria na vyama vya wanawake waliomzuia.

Lakini waraka wa Lusaka hufikaje Kashikishi, ufukweni pa Nchelenge? Maaskofu wa Afrika Mashariki, pamoja na wa Zambia, waliokutana Nairobi mwaka 1973 na tena mwaka 1976, waliamua kwamba Kanisa lijengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo. Chukua mfano wa jumuiya moja ya ufukweni. Alfajiri wanawake humwaga juu ya mchanga chisense, dagaa wa Mweru waliovuliwa usiku kwa taa, wakawatandaza kwa mikono mpaka ufuo uwe mweupe. Jua likishapanda na samaki wakianza kukauka, hukutana uani kwa mmoja wao. Mwenyekiti ni mama, katibu ana daftari la shule, Injili husomwa, kisha swali huulizwa kila mmoja, na mwisho hukusanywa fedha ya nauli ya mgonjwa anayepelekwa hospitali ya misheni ya Mtakatifu Paulo. Padre hayupo, na hakuna anayeona ajabu. Pinto angeshangaa sana.

Ng'ambo ya maji ni Kongo, na jimbo la Kilwa-Kasenga. Ziwa moja, maaskofu wawili. Vita vya Katanga vilipowavusha watu mwaka 2017, walipokewa katika kituo cha Kenani, na mwanzoni mwa mwaka 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa katika wilaya hii hii ya Nchelenge. Wengi wao wasema Kiswahili cha Katanga, nacho, kilichokuja Mweru zamani kwa misafara ya pembe na watumwa, sasa ni lugha ya sala ya watu waliofukuzwa makwao.

Mtihani ulio mgumu kuliko marais, ningethubutu kusema, ni wa wavu. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya zenye malaria nyingi kabisa nchini, na vyandarua vilivyogawiwa ili kuwaokoa watoto aghalabu huonekana majini, vimeshonwa pamoja, vikikokota hata vifaranga vya samaki. Papa Fransisko alipotoa Laudato Si' mwaka 2015 alisema juu ya maskini na dunia kwa pumzi moja. Hapa maskini ndiye anayeuharibu ulimwengu wake, naye anajua. Kumkemea rais ni kumkemea mtu mmoja aliye mbali. Kumkemea mvuvi ni kumkemea anayetia sadaka kapuni na aliye na watoto sita. Serikali hufunga uvuvi tangu Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, ingawa upande wa Kongo haukushika sheria hiyo siku zote, na mtu wa Nchelenge huziona taa za jirani zikiwaka usiku juu ya maji yaliyokatazwa kwake. Miezi hiyo mitatu yabeba karibu Majilio yote na Noeli yote, na Kwaresima, majira ambayo Mkatoliki hutakiwa kuacha nyama siku za Ijumaa, naye huweza kula samaki, mara nyingi huanza kabla ya ziwa kufunguliwa. Katekista anayetaka kuhubiri juu ya kuutunza uumbaji katika miezi hiyo huwa na Jumapili chache za kuchagua, na katika hizo kapu la sadaka ni jepesi.