Fundo la Mwaustria lenye jina la Mmarekani

Mwaka 2031 fundo la Prusik litatimiza miaka 100 tangu lichapishwe, na sitashangaa wapanda milima wa Ulaya wakilifanyia sherehe. Ndugu yake mdogo, ambalo wapogoaji miti wengi ndilo wamejifunzia kazi kwa miaka 30 sasa, bado linagombewa jina. Walio wengi huliita fundo la Blake. Wachache wanaofuatilia historia ya mafundo wanashikilia kwamba jina hilo limepachikwa tu, na mwenye fundo ni Heinz Prohaska wa Austria.

Kwa asiyeyafahamu, yote mawili ni mafundo ya msuguano, na fundo la msuguano hufungwa juu ya kamba nyingine. Likibebeshwa uzito hubana na kukaa palepale. Uzito ukipungua, ukalisukuma kwa mkono, huteleza. Mkwezi aliyeunganisha mkanda wake wa kiunoni na fundo hilo anaweza kuning'inia mita 20 juu, akaachia mikono yote miwili, akashika msumeno na kukata tawi.

Karl Prusik alizaliwa Vienna mwaka 1896. Alikuwa mtu wa milima na wa muziki vilevile: tasnifu yake ya udaktari ilihusu tungo za Sylvius Leopold Weiss, bingwa wa lute, ala ya Ulaya iliyotokana na udi huu huu tunaousikia kwenye taarabu. Inasimuliwa kwamba wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alilitumia fundo lake kuunga nyuzi za ala zilizokatika. Mwaka 1931 akalichapisha kama njia ya mtu kupanda kamba kwa vitanzi viwili vyembamba, na likaenea milimani kote.

Marekani, wapogoaji miti walikuwa na lao. Walikwea kwa kamba za manila, na fundo lao lilikuwa lile la kukazia kamba za hema. Liliwatumikia miaka mingi, ila lilikuwa na tabia mbaya: kadiri mtu alivyopanda na kushuka, lilijiviringisha na kujikaza, na mkia wake ukawa unaingia ndani kidogo kidogo. Ilibidi kulitazama kila mara. Aliyesahau kufunga kifundo cha kuzuia mwishoni mwa mkia alikuwa anacheza na maisha yake. Hata baada ya manila kuachwa na kamba za nailoni na poliesta kushika nafasi, wengi waliendelea na fundo hilo kwa kuwa ndilo walilofundishwa.

Hapo ndipo ugomvi wetu unapoanzia. Mwaka 1981 Prohaska alichapisha fundo jipya katika jarida la waongozaji wa milimani nchini Austria. Fikiria nani alilisoma: watu wa theluji na miamba, kwa Kijerumani, ambao tayari walikuwa na Prusik yao na hawakuwa na haja ya nyingine. Mwaka 1990 akajaribu tena, safari hii kwenye Nylon Highway, jarida la Wamarekani wanaoshuka mapangoni kwa kamba. Sasa angalau lilikuwa limevuka bahari. Lakini mtu wa mapangoni na mpogoaji miti hawasomi jarida moja, na miaka minne ikapita bila wakwezi wa miti kuwa na habari.

Mwaka 1994 mpogoaji aitwaye Jason Blake akaandika barua kwa Arbor Age, jarida la watu wa miti, akieleza fundo alilolivumbua mwenyewe. Lilikuwa lile lile. Unazungusha mkia wa kamba mara nne kwenye kamba kuu, ukipanda juu. Kisha unaushusha, unaupitisha nyuma ya kamba kuu na kuuchomeka chini ya mizunguko miwili ya mwanzo. Halihitaji kamba ya pili wala kifaa chochote cha ziada. Halijiviringishi kama lile la zamani, na mwanafunzi hulishika siku moja. Wasomaji wa jarida lile walikuwa juu ya miti kila siku, wakisumbuka na tatizo lile lile. Wakalipokea, na jina la aliyeandika barua likabaki.

Blake hakuiba. Alifika mwenyewe mahali ambapo mwenzake alikuwa amekwisha fika. Lakini tarehe haziongopi: 1981 iko mbele ya 1994. Watetezi wa Prohaska wamejaribu kulipa jina la ProhGrip, nalo halikushika, kwa sababu jina la fundo hubaki midomoni mwa wanaolifunga, na hao walikwisha zoea la Blake. Mimi naona haki ingekuwa kuyataja majina yote mawili, la Prohaska likitangulia.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Kutoka Ulaya yakaja mafundo ya kamba ya pembeni, kama Valdôtain la Bonde la Aosta huko Italia na Distel la Wajerumani, yanayoteleza kwa wepesi zaidi na kukaa vizuri juu ya kapi dogo. Kuchagua kukawa kazi: mkwezi mzito anaongeza mzunguko, mwepesi anapunguza, kamba ikilowa au kushika utomvu, hesabu inabadilika. Joto nalo ni adui. Ukiteremka kwa kasi, fundo la Blake huungua sehemu moja hadi kamba ya poliesta inang'aa kama imepakwa vanishi. Ndiyo maana siku hizi kamba za mafundo hutengenezwa kwa aramidi, ambayo haiyeyuki.

Kisha vikaja vifaa vya chuma. Petzl ya Ufaransa iliiita ZigZag yake Prusik ya kimakanika, na mwaka 2013 ikabidi iwaombe watumiaji waache kuitumia hadi itakaporekebishwa. Vijana bado wanavipenda, na wapo wanaokwea leo wasioweza kufunga fundo lolote kati ya haya kwa mikono mitupu. Hilo ni kosa. Kifaa kikikwama juu ya mti, kipande cha kamba na fundo ndivyo vitakavyomshusha mtu.

Kwetu hali ni nyingine. Wakwezi wa minazi na wachuma karafuu wa Pemba bado wanapanda kwa mikono na miguu, na wanaanguka. Matawi ya mkarafuu hukatika upesi, kwa hiyo kamba ingepaswa kupitishwa penye panda imara karibu na shina, si tawi lolote. Lakini kamba hainunuliwi kwa bei ya dhahabu, na fundo hili halilipiwi kitu. Wanaoandaa msimu ujao wa karafuu wawatafutie wachumaji kamba nzuri na mwalimu wa kuwafundisha kulifunga.