Kutoka Bungeni Hadi Ofisi ya Mkoa: Tuliyojifunza kwa Viongozi Wetu



Kila mwaka tunapoitana kwa ajili ya harambee, swali moja halikosi: "Mbunge yuko wapi? Mkuu wa Mkoa yuko wapi? Kwa nini tuchange sisi?" Swali hilo ni la haki na halijibiwi kwa hasira. Mwaka huu tumeona tulijibu kwa historia, kwa kuwa eneo letu limewahi kumwona mtu akitoka kwenye kiti cha ubunge na kurudi nyumbani akiwa mtendaji wa serikali. Tukielewa nini hubadilika mtu anapohama kiti kimoja kwenda kingine, tutajua pia nani wa kumdai nini.

Kabla ya Bunge

Uongozi haukuanza na Bunge kwetu. Kabla Wajerumani hawajajenga boma lao Tukuyu, mahali walipopaita Neu Langenburg, Wanyakyusa walikuwa na malafyale na amafumu wa vijiji. Mama Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi na wazee wetu katika miaka ya 1930, aliandika habari za ubusoka, yaani sherehe ya kukabidhi nchi kwa kizazi kipya. Vijana wakishakua, wazee walikaa pembeni, vijana wakapewa ardhi na wakuu wao wapya wakatajwa mbele ya watu wote. Madaraka yalikabidhiwa hadharani, na kila mtu alijua kuanzia siku ile mzigo uko begani kwa nani.

Waingereza waliwatawala watu kupitia machifu, nao walikuwa na mahakama na hazina ya wenyeji. Mfumo huo ulifutwa na serikali huru mwaka 1963. Tangu hapo, njia za mtu kuwa kiongozi kwetu zimekuwa mbili: kuchaguliwa kwa kura au kuteuliwa na serikali.

Mwakangale na kizazi cha uhuru

Kati ya waliopita njia ya kura, jina la John Mwakangale linatangulia. Alikuwa mwana TANU wa Rungwe, akaingia Baraza la Kutunga Sheria kwa Jimbo la Nyanda za Juu za Kusini. Uchaguzi wa wakati ule, mwaka 1958 na 1959, ulikuwa wa kura tatu: mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Haki ya kupiga kura nayo ilikuwa na masharti ya elimu, kipato au cheo. Wakulima wengi wa kahawa na migomba wa Rungwe hawakuruhusiwa kupiga kura, lakini waliochaguliwa walijua wanasema kwa niaba yao.

Mapema mwaka 1962 Nelson Mandela alitoka Afrika Kusini kwa siri kwenda kuomba msaada kwa nchi huru za Afrika. Ndege yake ilitua Mbeya. Katika kitabu cha maisha yake anaeleza kwamba pale hotelini walikuwa wakimsubiri mbunge wa TANU, Bwana Mwakangale, kumbe alikwisha kufika kuwaulizia na wao hawakuambiwa. Aliona watu weusi na weupe wamekaa pamoja barazani wakizungumza, jambo ambalo kwao halikuwezekana. Kwa mara ya kwanza akajisikia yuko katika nchi inayotawaliwa na Waafrika. Mtu wa kwanza aliyetumwa kumpokea katika ardhi yetu alikuwa mtu wa kwetu.

Cheo kilichounganisha mikono miwili

Mwaka huohuo wa 1962 serikali iliondoa wakuu wa majimbo wa kikoloni na kuweka wakuu wa mikoa na wa wilaya waliotoka katika siasa. Mkuu wa Mkoa alikuwa mwakilishi wa serikali, tena kiongozi wa TANU mkoani, na katika enzi ya chama kimoja alikuwa pia mbunge kwa sababu ya cheo chake. Mtu huyohuyo alikaa bungeni zinapotungwa sheria, kisha akarudi mkoani kuzisimamia.

Jambo hilo lilikuwa na faida yake. Barabara ikiharibika kwa mvua, aliyekuwa na sauti Dar es Salaam ndiye aliyekuwa na amri mkoani. Lakini lilikuwa na hasara pia, nayo ilionekana mwaka 1972 ulipokuja mpango wa Madaraka Mikoani. Halmashauri za wilaya zilivunjwa. Shule, zahanati na barabara zikawa mikononi mwa maofisa wa mkoa na wilaya walioteuliwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa, na mkulima wa kahawa akapoteza chombo alichokijenga kwa jasho lake. Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha serikali za mitaa, na halmashauri zikaanza kazi tena mwaka 1984. Kwa zaidi ya miaka kumi wananchi walikuwa na viongozi wengi, ila hawakuwa na baraza lao la kuwauliza maswali.

Mwakipesile: kutoka Kyela hadi Mkoa wa Mbeya

Mfano wa karibu zaidi ni John Mwakipesile. Alikuwa Mbunge wa Kyela, eneo ambalo zamani lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Rungwe. Katika uchaguzi wa 2005 kiti hicho kilikwenda kwa Dk. Harrison Mwakyembe. Wengi walidhani safari ya mzee huyo katika uongozi imefika mwisho. Badala yake, katika serikali ya awamu ya nne aliteuliwa kuwa Mkuu wa Mkoa wa Mbeya, mkoa wenye Kyela na Rungwe ndani yake. Alishika nafasi hiyo mpaka ilipochukuliwa na Abbas Kandoro mwaka 2011.

Hebu tuangalie kilichobadilika. Akiwa mbunge, aliwajibika kwa wapiga kura wa Kyela, na wao walikuwa na uwezo wa kumrudisha au kumwacha. Kwa sheria ya serikali za mitaa mbunge ni mjumbe wa Baraza la Madiwani la wilaya yake, kwa hiyo alikuwa na kiti bungeni na kiti halmashauri. Akiwa Mkuu wa Mkoa, aliwajibika kwa Rais aliyemteua. Sasa aliongoza Kamati ya Ushauri ya Mkoa, kikao ambacho wabunge wa mkoa ni wajumbe wake. Yule aliyekuwa akiomba akawa anaombwa, na eneo lake likawa mkoa mzima badala ya jimbo moja.

Miaka yake mkoani ilikuwa miaka ya sekondari za kata. Chini ya mpango wa elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004, nchi nzima iliamriwa kila kata iwe na sekondari, na wakuu wa mikoa na wilaya ndio waliopewa kazi ya kusukuma. Wazazi walibeba mawe na mchanga, wakafyatua tofali, wakatoa michango. Serikali iliahidi kumalizia na kuleta walimu. Wengi wenu mnaosoma kijarida hiki mlichangia madarasa hayo, na wengine mlisoma humo. Amri ilitoka ofisini, lakini kuta zilisimama kwa nguvu za wananchi.

Si wenyeji tu waliopita njia hii. Amos Makalla, aliyekuwa Mbunge wa Mvomero kuanzia 2010 hadi 2015, naye alikuja kuwa Mkuu wa Mkoa wetu mwaka 2016. Hakuwa na ukoo Rungwe wala Kyela, lakini madaraka aliyokuwa nayo juu yetu yalikuwa yaleyale.

Tumdai nani?

Turudi kwenye swali la mwanzo. Mbunge tumdai sauti: aulize bungeni kuhusu bei ya chai, barabara na maji. Tumdai pia hesabu ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambao yeye ni mwenyekiti wa kamati yake. Diwani na halmashauri tuwadai bajeti, maana fedha za zahanati na madarasa hupangwa kwenye baraza lao. Mkuu wa Mkoa na wa Wilaya tuwadai usimamizi, ili kilichopangwa kifanyike na aliyekula fedha za umma achukuliwe hatua.

Chama chetu hakichukui nafasi ya hao wote. Kazi yake ni kuingia pale ambapo bajeti imeishia kwenye msingi au kwenye lenta, na kuingia tukiwa na mkataba na hesabu, ili mwenye wajibu asipate pa kujifichia nyuma ya mchango wetu. Kila shilingi utakayotoa mwaka huu itatupa haki ya kwenda kwenye ofisi husika na kusema: sisi tumetimiza, na nyinyi?

Wazee wetu kwenye ubusoka walikabidhi nchi mbele ya watu wote. Nasi tuchange hadharani, tusomewe hesabu hadharani, na kiongozi yeyote, awe wa kura au wa kuteuliwa, akaribishwe kukaa nasi asikilize.