Mafunjo, Shabu na Maji ya Bomba: Historia Fupi ya Bonde la Nakivubo

Wahenga walinena kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Wakazi wa Kampala wana sababu ya kuitafakari upya methali hiyo. Maji wanayoyamwaga huteremka hadi mfereji wa Nakivubo, hupita katika kinamasi, kisha huingia katika ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria. Kilomita chache kutoka hapo, huko Ggaba, mitambo huyavuta maji ya ghuba hiyo hiyo, huyasafisha, na kuyarudisha jijini kwa mabomba. Fuatana nami tuitazame historia ya safari hiyo pamoja na kanuni za kemia zinazoitawala.

Mwanafunzi wa Uganda hufundishwa mapema kwamba Kampala ilijengwa juu ya vilima saba. Ni nadra kuelezwa habari za mabonde yaliyo kati ya vilima hivyo. Kapteni Lugard alipopiga kambi katika kilima cha Kampala mnamo Desemba 1890, mabonde hayo yalikuwa na vinamasi vilivyosheheni mafunjo, mimea ambayo Wamisri wa kale waliitumia kutengenezea karatasi. Serikali ya kikoloni iliviona vinamasi kuwa makao ya mbu na maradhi. Mifereji ikachimbwa ili kuyakausha mabonde, na reli ya kwenda Port Bell ikakikata kinamasi cha Nakivubo vipande viwili. Baada ya uhuru wa mwaka 1962 jiji liliendelea kupanuka. Majitaka ya masoko, viwanda na mitaa yenye msongamano kama Kisenyi na Namuwongo yakapata njia moja: kuteremka bondeni.

Hapa ndipo kemia inapoingia. Katika karne ya 18, Mfaransa Antoine Lavoisier alionyesha kwamba maada haipotei katika mabadiliko ya kikemia, bali hubadili umbo tu. Basi jiulize: naitrojeni na fosforasi zilizomo katika kinyesi, mkojo na sabuni ya jiji zima huenda wapi?

Kinamasi kilicho hai hutoa jibu. Mafunjo hufyonza virutubisho hivyo na kujijengea mashina na mizizi. Ndani ya tope, mahali pasipo na oksijeni, bakteria huigeuza naitrati kuwa gesi ya naitrojeni, nayo hurejea hewani bila madhara. Fosforasi haina njia hiyo ya angani. Hunaswa katika tope na katika mimea, na huondoka kabisa pale tu mimea inapovunwa na kupelekwa mbali. Kazi yote hii yahitaji jambo moja, nalo ni muda. Sharti maji yatambae polepole kati ya mizizi. Yakipitishwa kwa kasi katika mfereji, au mafunjo yakifyekwa ili kupanda magimbi na miwa au kujaza udongo wa kujengea, maji hufika ziwani yakiwa bado na mzigo wake.

Mzigo huo hulisha mwani, viumbe vidogo mno vinavyoyafanya maji ya ghuba yawe ya kijani. Mwani ukifa, bakteria huuozesha, na katika kuuozesha hutumia oksijeni iliyoyeyuka majini. Samaki hukosa pumzi. Gugu maji, lililoonekana upande wa Uganda wa Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, nalo lilistawi kwa virutubisho hivyo hivyo.

Huko Ggaba mafundi hupambana na matokeo. Chembe za uchafu zina chaji hasi, kwa hiyo husukumana na kuelea bila kutulia. Shabu, dawa ambayo bibi zetu wa pwani waliijua kwa kusafishia maji ya mtungi, huleta ioni za alumini zenye chaji chanya. Msukumano hupungua, chembe hushikana kuwa mabonge na kuzama. Maji huchujwa kwa mchanga, na klorini huua vijidudu vilivyosalia. Kadiri mwani unavyoongezeka, ndivyo dawa zinavyohitajika kwa wingi na gharama kupanda. Kuchafuka kwa ghuba ni miongoni mwa sababu za kujengwa kwa mtambo mwingine Katosi, wilayani Mukono, mbali na jiji.

Mnamo mwaka 1999, wachumi waliitathmini kazi ya kinamasi cha Nakivubo ya kusafisha majitaka na kunasa virutubisho kuwa na thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 za Kimarekani kwa mwaka. Miaka minne kabla, Katiba ya 1995 ilikwisha kutamka mambo matatu. Ibara ya 39 inampa kila Mganda haki ya kuwa na mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 17 inamtwika wajibu wa kuyalinda. Ibara ya 237 inaiagiza serikali ivishike vinamasi kama amana ya wananchi wote. Hata hivyo, kinamasi kimeendelea kumegwa, na wamegaji hawalingani: yupo mama anayelima magimbi ili watoto wale, na yupo tajiri anayemwaga malori ya udongo ili ajenge ghala. Sheria inayomfukuza wa kwanza na kumfumbia macho wa pili haitayasafisha maji.

Mwanafunzi mpendwa, neno amana lina uzito. Mwenye amana hukitunza kitu cha mwingine, naye huulizwa. Chukua daftari lako, uandike aya moja kwa Kiswahili sanifu: maji ya nyumbani kwenu yakimwagwa, huelekea bonde gani? Nani amekabidhiwa bonde hilo, nawe umewahi kumuuliza nini?