Manowari ya matanga kwa vitofali

Manowari ya matanga kwa vitofali ni modeli ya meli ya kivita ya mbao, hasa ya karne ya 17 hadi mwanzo wa karne ya 19, iliyosanifiwa kwa vitofali vya plastiki vinavyoshikana, aghalabu vya Lego. Hapa inahesabiwa kubwa pale urefu wake unapopita mita moja na sitaha zake kuwa na nafasi ya mizinga na vijisanamu vya mabaharia.

Jina manowari lilitoka kwa Waingereza, waliozitaja hivyo meli zao za vita tangu enzi za matanga. Pwani yetu ya Afrika Mashariki haikuzijua kwa kusimuliwa tu. HMS London, iliyoshushwa majini mwaka 1840 ikiwa ya matanga na baadaye kutiwa injini, iliwekwa bandarini Zanzibar kuanzia 1874 kusaka majahazi ya biashara ya watumwa. Siku hizi neno hilo linabeba meli yoyote ya kivita, hata ya chuma. Hapa linarudi kwenye maana yake ya kwanza.

Kitofali na hesabu yake

Kampuni ya Lego ilianzishwa mwaka 1932 na Ole Kirk Christiansen, seremala wa Billund nchini Denmark. Vitofali vyake vya mwanzo vilikuwa uwazi mtupu upande wa chini, hivyo vilishikana kwa shida. Dawa ilikuwa kuweka mirija midogo ndani, inayobana vinundu vya kitofali cha chini. Hataza yake iliombwa tarehe 28 Januari 1958, na kitofali cha wakati huo bado kinashikana na cha leo. Tangu 1963 vinatengenezwa kwa plastiki ya ABS.

Historia hiyo msanifu anaweza kuisahau, lakini vipimo lazima avijue kama muuza vitambaa anavyoijua yadi. Kutoka katikati ya kinundu kimoja hadi katikati ya kingine ni milimita 8. Kimo cha kitofali, bila kinundu, ni milimita 9.6. Kibamba, yaani kile kipande chembamba, kina milimita 3.2, kwa hiyo vibamba vitatu vilivyopandana ni sawa na kitofali kimoja. Kitofali basi si mchemraba. Ukikilaza ubavu hakiingii tena mahali kilipotoka. Ila vibamba 5 ni milimita 16, na vinundu 2 ni milimita 16. Mahali popote vibamba vitano vilipopandana, msanifu anaweza kugeuza mwelekeo, vinundu vikatazama nje badala ya juu, na ukuta ukakaa bila ufa. Pasipo usawa huo wa tano kwa mbili, ubavu wa meli ungebaki kuwa ngazi.

Kuchagua meli na kipimo

Mfano mzuri wa kupigia hesabu ni HMS Victory, kwa kuwa ipo, inaingilika na imepimwa kila pembe. Ilishushwa majini Chatham, Uingereza, mwaka 1765, ikabeba bendera ya Admirali Nelson katika vita vya baharini vya Trafalgar tarehe 21 Oktoba 1805, na tangu 1922 imekaa kwenye gudi la Portsmouth. Sitaha yake ya mizinga ina urefu wa mita 57 hivi, na mwili una upana wa karibu mita 16.

Kijisanamu cha Lego kina kimo cha sentimita 4. Kwa kipimo cha 1:40 kinakuwa mtu wa mita 1.6, si mbali na baharia wa zama hizo. Sitaha hiyo inakuwa mita 1.42, takriban vinundu 177, na upana unakaribia sentimita 40, vinundu 49. Ukiongeza mlingoti wa maji unaochomoza mbele ya omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, modeli inapita mita 2. Wengi huacha mpango wao hapa, wakishapima meza.

Kipimo cha 1:48 kina mvuto wake. Waingereza walichora meli zao kwa kipimo hicho hicho, robo inchi kwa kila futi, na michoro mingi imehifadhiwa National Maritime Museum, Greenwich. Nakala ikichapishwa kwa ukubwa wa asili, vitofali vinaweza kupangwa juu ya karatasi yenyewe. Kasoro ni kwamba kijisanamu kinageuka jitu la mita 1.9. Unene ni tatizo kwa vyovyote: nyonga zake za vinundu 2, kwa 1:40, ni sentimita 64. Mtu mnene hivyo atabanwa kwenye ngazi na penyo finyu za sitaha. Anayetaka meli sahihi aviache vijisanamu. Anayetaka vijisanamu akubali kupanua ngazi na kuinua dari, na asijidai kwamba kipimo chake ni kamili.

Msomaji wa Afrika Mashariki anayo meli ya karibu zaidi. Santo António de Tanná ya Wareno ilizama mbele ya Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1697, wakati Waomani wameizingira ngome. Mabaki yake yalichimbuliwa baharini kati ya 1977 na 1980, na vitu vingi vilivyotolewa humo viko kwenye makumbusho ya ngome hiyo. Kilichosalia ni sehemu ya chini ya mwili, kwa hiyo msanifu wake angekuwa na mkuku na mataruma, yaani uti wa chini na mbavu za meli, ya kufuata, ila sehemu za juu angelazimika kuzikisia kutoka meli za Kireno za wakati huo.

Mwili

Asilimia kubwa ya akili ya msanifu huishia hapa. Meli ya vita ya mbao haina ukuta ulionyooka popote. Kutoka mkukuni inapanuka hadi usawa wa maji, kisha mbavu zinarudi ndani kadiri zinavyopanda. Kurudi huko si urembo: kuliisogeza mizinga ya sitaha za juu karibu na mstari wa kati ili uzito wake usiiyumbishe meli. Kwa urefu nako meli imepinda, kati chini, omo na tezi, yaani sehemu ya nyuma, juu. Matundu ya mizinga nayo hayakupangwa moja juu ya jingine. Yalipishana kutoka sitaha hadi sitaha. Haya yote yanadaiwa kwa kitofali ambacho kwa maumbile kinajua pembe mraba tu.

Seti za dukani ziliukwepa ugumu huo. Mfululizo wa maharamia ulipoanza mwaka 1989, meli kama Black Seas Barracuda zilikuja na vipande vikubwa vya mwili vilivyokwisha kupindwa kiwandani: omo, kati, tezi. Imperial Flagship ya 2010, yenye vipande 1,664, ilifuata njia hiyo hiyo. Vipande hivyo ni imara na vinapendeza, lakini hutoa meli fupi, nene, yenye sura ya katuni. Hakuna namna ya kuvirefusha vikafanana na Victory.

Njia ya pili ni kupanga matabaka, kitofali juu ya kitofali, kila tabaka likifuata mstari wake kwenye mchoro. Ni rahisi kuielewa, lakini inakula vipande, inatoa uzito wa kutisha, na kwa karibu ubavu unaonekana kama kilima cha matuta.

Njia ya tatu, inayotumiwa na wasanifu wazoefu, ni mifupa na ngozi. Mkuku unaundwa kwa boriti zenye matundu za aina ya Technic, zilizofungwa kwa pini. Juu yake yanasimamishwa mataruma, tuseme kila baada ya vinundu 8, kila taruma likiwa limepimwa kutoka mkato wake kwenye mchoro. Ngozi ni paneli zilizoundwa pembeni, vinundu vikitazama nje, halafu zikaning'inizwa kwenye mataruma kwa bawaba. Bawaba ndiyo inayompa msanifu ule ubavu unaorudi ndani: paneli inalalia taruma, haibanwi juu na chini.

Omoni mambo yanabana zaidi, kwa kuwa kuta mbili zinakimbilia kukutana. Paneli iliyokwenda mshazari inaweza kushika tena kwenye vinundu vya chini ikiwa pembetatu yake ina namba kamili, yaani 3, 4 na 5, au 5, 12 na 13. Unatoka kinundu kimoja, unakwenda nafasi 12 mbele na 5 kando, na paneli ya nafasi 13 inatua kinunduni barabara. Mgeni wa kazi hii hukosea jambo moja: anahesabu vinundu badala ya nafasi kati yao. Paneli ya nafasi 13 ina vinundu 14. Akisahau kimoja hicho, paneli itaingia kwa kulazimishwa, na baada ya wiki itakuwa imejifyatua.

Mpindo wa sitaha ni rahisi kidogo. Inatosha kuipandisha kwa kibamba kimoja kila baada ya vinundu kadhaa. Kwa 1:40 kibamba ni sawa na sentimita 13 hivi za meli halisi, na mtu aliyesimama mbali kidogo haoni kipandio.

Aliyewahi kushinda kwenye uwanja wa kuundia majahazi Lamu au Nungwi atatambua kwamba utaratibu huu umegeuza ule wa fundi wa pale. Kwa jadi ya pwani, mbao za chini hupandishwa kwanza kutoka mkukuni kwa kipimo cha jicho, na mataruma huchongwa baadaye kuzifuata. Viwanda vya serikali za Ulaya vilikwenda na michoro, mifupa ikitangulia. Vitofali vinaipendelea mifupa, maana ngozi yao haina nguvu ya kujishikilia yenyewe.

Uzito

Kitofali cha kawaida cha vinundu 2 kwa 4 kina gramu 2.3 hivi. Vipande 20,000 vya uzito huo ni kilo 46, mfuko wa saruji kasoro kilo nne. Wengi huogopa kwamba vitofali vya chini vitapondeka. Hofu hiyo haina msingi: mwaka 2012 Open University ya Uingereza ilibana kitofali kimoja cha vinundu 2 kwa 2 kwenye mashine, nacho kikastahimili takriban newton 4,240, uzito wa vitofali 375,000 hivi, kabla ya kuanza kulainika. Kitofali kinashindwa kwa kuvutwa. Unapoinua meli ya mita moja na nusu kwa kushika ncha mbili, tumbo linataka kubaki mezani.

Hapa kisa cha Vasa kina funzo kwa sababu tofauti na inayotajwa siku zote. Meli hiyo ya Sweden ilizama Stockholm tarehe 10 Agosti 1628 katika safari yake ya kwanza, baada ya kwenda mita 1,300 tu. Juu palikuwa pazito, mwili mwembamba, farumi, yaani uzito wa chini wa kuituliza meli, haikutosha. Upepo ukailaza na maji yakaingia kwa matundu ya mizinga. Modeli ya mezani haizami, lakini uzito wa juu unaidhuru vilevile: unasukuma mbavu nje mpaka mshono wa sitaha unafunguka. Ndiyo maana sitaha za modeli hufanywa tambi, yaani zinafunga ubavu wa kulia na wa kushoto kwa boriti zinazokatisha, kabla ya mizinga kuwekwa.

Modeli kubwa pia haina budi kukatwa vipande vinavyopita mlangoni, vya sentimita 40 hadi 50, vinavyounganishwa kwa pini. Mahali pa kukata pachaguliwe kabla ya taruma la kwanza. Anayeahirisha atakata sitaha katikati ya mlingoti.

Milingoti, kamba na rangi

Mlingoti ni vitofali vya duara vilivyotungwa kwenye mhimili mmoja mrefu kama mishikaki, ukishuka hadi mkukuni. Usiishie kwenye sitaha ya juu. Foromali, yaani miti ya kutundikia matanga, zining'inizwe, zisigandishwe, ili zigeuke wakati wa kusafirisha. Kamba ni suala la subira tu: Victory ilikuwa na kamba za kilomita 42 hivi, na kwa 1:40 hizo ni zaidi ya kilomita moja ya uzi. Karibu kila msanifu hupunguza.

Rangi huwasumbua watu kuliko wanavyotegemea. Takriban mwaka 2004 Lego ilibadilisha kahawia yake pamoja na kijivu zake mbili, kwa hiyo aliyeanza meli kwa vitofali vya zamani hawezi kuimalizia kwa vipya bila mabaka. Hata meli halisi haitulii: Victory ilipakwa upya mwaka 2015 kwa rangi nyepesi kuliko ile njano iliyozoeleka, baada ya matabaka ya rangi yake ya kale kuchunguzwa.

Kompyuta

Usanifu wa siku hizi huanzia kwenye skrini. James Jessiman alitoa LDraw mwaka 1995, programu ya bure inayotumia kizio cha milimita 0.4; humo kinundu hadi kinundu ni vizio 20, kitofali vizio 24, kibamba vizio 8, zote namba kamili. Programu zilizofuata, kama Studio ya BrickLink, zimerahisisha kazi na hutoa orodha ya vipande vya kununua.

Skrini ina udanganyifu wake. Haina uzito, hivyo foromali ya vinundu 60 inakaa hewani bila malalamiko. Haina bei. Na isipodhibitiwa, inakubali kipande cha rangi ambayo haijawahi kutengenezwa. Kwa hiyo kabla ya kuagiza shehena nzima, unda kwa mkono kipande kimoja cha katikati ya meli, vinundu 16 kwa urefu, kutoka mkukuni hadi sitaha ya juu, mizinga ikiwa ndani. Kiache mezani siku saba. Kikifunguka, rekebisha mataruma kwanza. Omo na tezi zisubiri.