Biashara ya Kuuza Hofu

Mtoto akisimuliwa habari za zimwi hujifunika shuka gubigubi, kisha huomba hadithi iendelee. Juu ya tabia hiyo watu wamejenga biashara.

Mwaka 1835 Marie Tussaud, mtengeneza sanamu za nta, alifungua maonyesho ya kudumu Baker Street, London. Sanamu za wauaji, na za vichwa vilivyokatwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, zilitengwa katika chumba chake. Aliyetaka kuingia humo alilipa peni sita zaidi, na watu walilipa.

Tarehe 9 Agosti 1969 Disneyland, huko California, ilifungua jumba la mizuka liitwalo Haunted Mansion. Siri yake ni viti vilivyofungwa kwenye mnyororo usiosimama. Foleni inasogea, kila mgeni anatishwa kwa zamu yake, kisha anatoka salama.

Neno hilo, salama, ndilo zito. Tarehe 11 Mei 1984, New Jersey, moto uliwaka katika ngome ya mizuka ya bustani ya Six Flags Great Adventure. Ngome hiyo ilikuwa matrela yaliyounganishwa, bila mitambo ya kunyunyiza maji. Vijana 8 walikufa, na baadaye kanuni za moto zikakazwa.

Mimi naona mteja hapa hanunui hofu. Ananunua hakika kwamba hofu hiyo ni mchezo tu. Kwa hiyo anayeuza giza na aanze kwa kujenga mlango wa kutokea.