Kilimo Shadidi: Ukali Uko Wapi?

Katika mafunzo ya wakulima wa mpunga Tanzania kuna istilahi ambayo sasa imeshakaa vinywani: kilimo shadidi cha mpunga. Asili yake ni jina la Kifaransa, système de riziculture intensive, ambalo kwa Kiingereza liligeuzwa kuwa System of Rice Intensification. Huko Mwea, Kenya, ambako mbinu hii iliingia mwaka 2009, kifupi chake, SRI, ndicho kinachosikika zaidi. Tanzania imeamua kuipa jina la Kiswahili, na jina hilo linastahili kuchunguzwa.

Shadidi ni neno la Kiarabu lililokwisha kuwa mwenyeji. Tunasema shabiki shadidi, mpinzani shadidi, na tuna kitenzi kushadidia, yaani kulikazia jambo. Waliopita chuoni, yaani madrasa, wanaijua pia shadda, ile alama ya juu ya herufi inayotaka herufi itamkwe kwa mkazo. Basi anayeisoma istilahi hii kwa mara ya kwanza ana haki ya kutarajia mambo makali: mbolea ya viwandani kwa magunia, dawa, mbegu za kumwaga, na maji yaliyojaa jaruba hadi kwenye kingo.

Akifika shambani anakuta kinyume chake. Kila shimo lina mche mmoja tu, wakati jirani anapandikiza mitatu, minne, au fungu zima. Kutoka mche hadi mche ni sentimita 25, mstari kwa mstari, hivi kwamba wiki ya kwanza shamba linaonekana kama limesahauliwa. Miche yenyewe ni michanga ya kutia huruma: ina siku 8 hadi 12 na majani mawili, ilhali kwa kawaida huachwa kitaluni wiki tatu au nne. Mbegu za hekta moja ni kati ya kilo 5 na 10, mahali ambapo mazoea hudai kilo 50 na zaidi. Maji nayo hayatuami. Yanaingizwa kidogo, yanaachwa yakauke mpaka udongo uanze kupasuka nyufa nyembamba, kisha yanarudishwa.

Aliyeyakusanya haya ni padri Mjesuiti wa Kifaransa, Henri de Laulanié, aliyefika Madagaska mwaka 1961 akiwa tayari amesomea kilimo. Kwa miaka mingi alitazama wakulima wa nyanda za juu walivyofanya, akaokota hiki kwa huyu na kile kwa yule: kuna waliopanda mche mmoja mmoja, kuna ambao hawakufurikisha maji shambani wakati wote. Kipande kilichobaki kilikuja kwa bahati. Msimu wa 1983/84, katika shule ya vijana aliyoianzisha karibu na Antsirabe, muda uliwabana, wakapandikiza miche ya siku 15 tu. Iliyodhaniwa ingekufa ilichipua kuliko yote. Mwaka 1990 yeye na wenzake wa Kimalagasi walianzisha chama cha Tefy Saina ili kuieneza mbinu hiyo. Alifariki mwaka 1995, kabla haijavuka mipaka ya kisiwa kwa kishindo. Aliyeipigia debe duniani baadaye ni Norman Uphoff wa Chuo Kikuu cha Cornell.

Kwa nini umri wa mche uwe na uzito kiasi hicho? Jibu limo kwenye machipukizi. Shina la mpunga halibaki peke yake. Hutoa chipukizi, na chipukizi nalo hutoa lake, na kila moja likipata nafasi huweza kubeba suke. Mtafiti wa Kijapani, Katayama, aliuchunguza mpangilio huu miongo kadhaa kabla ya de Laulanié kuusoma. Chipukizi la kwanza huanza mmea unapokaribia jani la nne au la tano. Mche ukihamishwa kabla ya hapo, mshtuko wa kung'olewa hupita mapema na hesabu ya machipukizi huendelea karibu bila kukatika. Ukihamishwa baada ya mwezi, umeshapoteza vizazi vya mwanzo, ambavyo ndivyo wazazi wa vingine vyote. Mizizi nayo ina kisa chake. Mpunga huvumilia maji, hauyapendi jinsi tunavyodhani. Ukizamishwa msimu mzima kwenye udongo usio na hewa, sehemu kubwa ya mizizi huwa imeoza kufikia wakati wa kuchanua.

Sasa ndipo ukali unapoonekana, na uko upande wa mkulima. Anza na mbegu. Yai bichi linatiwa kwenye ndoo ya maji, chumvi inaongezwa na kukorogwa hadi yai lielee na kuchungulia juu kwa upana wa sarafu. Yai linatolewa, mbegu zinamiminwa. Zinazoelea ni mapepe, huenguliwa, na zilizozama huoshwa kuondoa chumvi ndipo ziloweshwe. Siku ya kupandikiza, mche hauvutwi kwa shingo. Unachotwa pamoja na udongo wake, punje ikiwa bado imeshikamana nao, na unatakiwa uwe shambani ndani ya nusu saa. Kamba yenye mafundo imeshavutwa toka ukingo hadi ukingo. Mche hautumbukizwi kwa kidole gumba, maana ncha ya mzizi itageuka kutazama juu na kupoteza siku kadhaa ikijinyoosha. Unatelezeshwa kwa ubavu, sentimita moja au mbili tu ndani ya tope. Kisha magugu: maji yasipotuama, magugu hushangilia. Hapo kinasukumwa kipalizi chenye meno yanayozunguka, kwa urefu na kwa upana wa shamba, mara mbili au zaidi, kikiyafukia magugu na kuuingizia udongo hewa.

Kwa hiyo kilichoshadidishwa ni uangalizi. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, shadidi limemshinda mwenzake wa Kizungu, intensive, ambaye wasomaji humhusisha na pembejeo nyingi. Shadidi lina maana ya kukaza, na anayekazwa hapa ni mtu. Ningelalamikia kitu kimoja tu: neno mfumo limeachwa njiani. Mkulima anayepanda mche mmoja lakini akalifurikisha shamba maji, au anayekausha shamba bila kupalilia, huambiwa amelima shadidi, kisha mavuno yakimwangusha lawama inaangukia jina.

Mabishano hayakukosekana. Karibu na Ranomafana, Madagaska, wakulima waliokuwa wakivuna tani 2 kwa hekta waliripotiwa kufikisha wastani wa tani 8, na mwaka 2004 wanasayansi kadhaa wa mpunga waliandika kwamba takwimu za namna hiyo haziendani na fiziolojia ya mmea. Majaribio ya Chuo Kikuu cha Sokoine huko Mkindo, Morogoro, yalishughulika na swali la karibu zaidi, kama vile nafasi ipi inaifaa SARO 5, ile mbegu yenye harufu ya wastani. Kikwazo kikubwa ni maji. Wakulima wengi wa mpunga Tanzania hutegemea mvua kwenye mabonde. Asiye na mfereji wa kufungua na kufunga hawezi kuambiwa akaushe jaruba Jumanne.

Na hilo "cha mpunga" lisidondoshwe ovyo. India kanuni hizihizi zimejaribiwa kwenye ngano, miwa na ulezi, na Ethiopia kwenye tefu. Mfasiri atakayekutana na ripoti hizo ana njia nyepesi: kilimo shadidi cha ulezi, kilimo shadidi cha ngano. Ila akikuta mashamba makubwa yanayoendeshwa kwa kemikali nyingi, ayatafutie hayo jina jingine.